Preludi ya Bach kwenye gitaa: wiki ya tisa

Jumapili nimeipiga mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Baa zote 42 (baa ni kile kipande kifupi cha mapigo kinachogawa muziki), metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mwendo, ikiwa mapigo 52 kwa dakika. Ni polepole mno, najua, lakini miezi miwili iliyopita nilikuwa nakwama baa ya nne.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: ni preludi, yaani kipande cha ufunguzi, ya swiiti (mfululizo wa vipande) ya kwanza kati ya zile sita ambazo Johann Sebastian Bach aliandikia selo, nami napiga gitaa la nyuzi sita. Asili yake ni ufunguo wa G meja. Wapiga gitaa wengi huihamishia D meja, na mwanzoni nilidhani wanatafuta wepesi tu. Sivyo. Tazama baa ya kwanza: D ni uzi wa nne mtupu (usiobanwa kwa kidole), A ni uzi wa tatu freti ya pili, F-shapu ni uzi wa kwanza freti ya pili, na E ni uzi huohuo ukiachiwa. Vidole viwili vinatosha, gitaa zima linavuma. Kule karibu na mwisho, selo inarudiarudia uzi wake mtupu wa A huku noti nyingine zikitembea pembeni. Ukihamia D meja, A ile inageuka E, yaani uzi wetu wa kwanza mtupu! Nilipoligundua hilo niliweka gitaa chini nikacheka kwa furaha.

Kilichonitesa ni urefu wa sauti. Mpiga selo ana upinde: noti akishaianzisha anaweza kuilea, hata kuikuza. Yangu inaanza kufifia pale pale ninapoidonoa. Wiki tatu nzima nilikuwa nadonoa kwa nguvu ili idumu, nikaambulia kelele. Dawa imekuwa kutoinua vidole vya kushoto mapema, ili noti iliyotangulia iendelee kulia chini ya inayofuata. Muziki ukawa unasikika karibu na kinubi kuliko selo, na sasa naupenda hivyo.

Kuhusu besi za nyongeza, yaani noti za chini zisizo za Bach: nakala niliyoanza nayo ilikuwa na besi karibu kila baa. Nimezifuta nyingi. Bach ameshaipanga mistari hiyo hivi kwamba sikio lenyewe linaikumbuka besi hata ikishanyamaza. Ukiijaza tena unamsumbua msikilizaji. Sisemi kuongeza ni dhambi. Bach mwenyewe aliigeuza swiiti ya tano kuwa ya luti, ala ya zamani ya nyuzi inayodonolewa, akaitoa C maina akaipeleka G maina na kuongeza noti za chini. Mimi nimebakisha besi nne tu.

Noti zipi ziunganishwe kwa mvuto mmoja wa upinde ndilo fumbo lingine. Nakala ya swiiti hizi kwa mkono wa Bach haipo. Tunategemea walionakili, akiwemo mkewe Anna Magdalena, na alama zao za kuunganisha noti hazilingani. Kwa hiyo naunganisha kwa mkono wa kushoto pale tu ninaposikia sentensi moja.

Wiki hii nabaki na ule ukurasa wa E inayorudiarudiwa. Kidole cha pete kinachelewa kurudi kwenye uzi wa kwanza, hasa noti zinapoanza kupanda nusu toni kwa nusu toni. Nitarudisha metronomu 44, baa mbili mbili, mpaka kiache kuchelewa.