Leo ameniuma

Asubuhi hii Domo ameniuma kidole hadi damu ikatoka, na mimi nikabaki nacheka peke yangu jikoni kama mwehu. Siku 12 zimepita bila yeye kuniuma. Sikuwahi kudhani nitautamani mdomo wa kasuku.

Ilianza na ukimya. Domo kwa kawaida huamka na makelele: kwanza mluzi, halafu mlio wa simu yangu, halafu ananiita jina kwa sauti ya mama, na ile lawama yake humo humo. Asubuhi ile hakukuwa na mluzi. Nilipofunua kitambaa nikamkuta amejitunisha manyoya, mviringo kama mpira, macho nusu yamefumba. Nikasema huyu kalala vibaya. Nikaenda zangu kazini. Hilo linaniuma kuliko kidole.

Niliporudi jioni alikuwa chini kabisa, kwenye sakafu ya tundu, na kila alipovuta pumzi mkia ulikuwa unapanda na kushuka.

Daktari alimweka kwenye mzani: gramu 391. Kwenye kadi yake ya mwaka jana imeandikwa 447. Akauchukua mkono wangu akaniwekea kidole kwenye kidari cha Domo, na ule mfupa wa katikati ulikuwa umechongoka, nyama pembeni hakuna. "Hili halikuanza leo," akasema. Ndege huficha ugonjwa, maana porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa kwanza. Nikajitetea kwamba chakula anacho, bakuli halikauki. Anakula nini? Alizeti, nikajibu. Daktari akanyamaza kidogo, na kile kimya nilikielewa.

Mbegu tupu zina mafuta tele na vitamini A kidogo mno. Kasuku akiishi kwa hizo tu, utando wa ndani ya njia ya hewa unadhoofika, na vijidudu vinapata pa kuingilia. Miaka sita nimempa alizeti kwa sababu alikuwa anazifurahia. Nilikuwa hata nawasimulia watu kwamba ndege wangu si msumbufu wa chakula.

Tukarudi nyumbani na antibiotiki ya maji, mara mbili kwa siku, kwa bomba dogo lisilo na sindano, matone machache pembeni mwa mdomo. Kumshika kwa taulo nilikuogopa kuliko yeye alivyoniogopa. Nilikuwa sijui kwamba ndege hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kama chetu. Anapumua kwa kuinua na kushusha kidari, kwa hiyo ukimbana kifuani, hata kwa mapenzi, unamkatia pumzi. Vijiti nikavishusha karibu na sakafu. Upande mmoja wa boksi lake joto la nyuzi 29, upande wa pili pa baridi kidogo, achague mwenyewe.

Hayo yote yalikuwa rahisi. Kilichonishinda ni kumwacha. Nimezoea kumkuna shingoni akiinamisha kichwa, na sasa naambiwa nimguse wakati wa dawa tu, basi. Siku ya kwanza nilifunua boksi kila baada ya dakika kumi kuona kama yu hai, na kila nilipofunua joto lilitoka na yeye akashtuka. Mama ndiye aliyenikemea kwenye simu: "Kuku akiwa anaatamia unamfunuafunua? Mwache mwenzio apate joto, mwanangu." Nikahamia chumba cha pili, nikaketi sakafuni na kusikiliza, na hapakuwa na cha kusikiliza.

Asubuhi iliyofuata, 388. Siku hiyo nililia. Kesho yake 388 tena, na ajabu ile namba isiyoshuka ilinifanya nile chakula kwa mara ya kwanza.

Kuhusu choo chake nimekuwa mtaalamu. Cha ndege mzima kina sehemu tatu: kile kigumu, kile cheupe, na maji. Siku za mwanzo yalikuwa maji na utelezi wa kijani kibichi, maana tumbo lilikuwa tupu. Siku ya tano kile kigumu kilirudi. Nilikipiga picha nikamtumia mama. Hakujibu mpaka kesho yake.

Leo basi, baada ya kuniuma, alipanda mzani mwenyewe, kwa hasira: 412. Bado tuko mbali. Karoti niliyomkatia vipande vidogo ameitupa yote nje, kipande kimoja kimoja, huku ananitazama. Alizeti nimezificha juu ya kabati, na nadhani anajua.

Mluzi haujarudi. Ila sasa hivi, nikiwa naandika hapa, simu imelia na nimeinuka kuitafuta chini ya mito, kwenye kochi, jikoni. Nilikuwa nimeishika mkononi.