Miezi 18 na vidonge vya tezi

Julai, Uyole watu wanajifunika blanketi mbili. Mimi nilikuwa nafungua dirisha usiku, jasho linanitiririka mgongoni utadhani niko Kyela. Mchana nauza mchele Mwanjelwa. Mkono ulitetemeka mpaka punje zikamwagika nje ya sahani ya mizani, mteja akaniangalia usoni. Nakula kuliko zamani, ila sketi zinanivuka. Majirani wakaanza kunong'ona. Nikapima virusi, sina. Nikapewa dawa za wasiwasi, miezi miwili ikapotea.

Aliyenisaidia ni daktari aliyenishika shingo, akaniambia nimeze mate, kisha akahesabu mapigo ya moyo nikiwa nimetulia kitini: 118. Damu ikaonyesha T4, homoni ya tezi ya shingoni, iko juu; TSH, homoni ya kichwani inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, karibu haipo. Huku kwetu nyanda za juu rovu tunalijua, tunakumbushana chumvi yenye madini joto, basi. Shingo yangu haikuvimba hata kidogo, kumbe tezi inamwaga homoni kupita kiasi.

Nilianza kabimazoli miligramu 30 kwa siku, pamoja na propranolol ya kutuliza moyo (waliniuliza kwanza kama nina pumu). Mtetemo ulipungua baada ya siku chache. Kabimazoli ndiyo ilinisubirisha, kwa sababu inazuia tezi kutengeneza homoni mpya, lakini akiba iliyokwisha kutengenezwa lazima iishe yenyewe. Wiki ya sita ndipo nililala usiku kucha.

Jambo moja daktari alilirudia mara tatu: ukipata homa au koo likiuma, acha kidonge, kapime damu siku hiyohiyo, kwani mara chache dawa hii huangusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Mwezi wa tatu koo likaniuma kweli. Dukani wakataka kunipa antibayotiki nirudi nyumbani. Nikakataa, nikapanda daladala kwenda kupima picha kamili ya damu. Chembe zilikuwa sawa, daktari akaniruhusu kuendelea.

Dozi ilishuka hadi 10, kisha 5. Nilipoanza kunenepa, Baba Neema akasema, "Mama, si umepona? Vidonge vya nini tena?" Nikamwonyesha majibu: T4 imekaa sawa, TSH bado iko chini. Akanyamaza, na tangu siku ile yeye ndiye akawa ananikumbusha.

Nilimaliza mwezi wa 18. Ugonjwa huu hurudi kwa wengi, kwa hiyo naendelea kupima. Kipimo kinachofuata ni Septemba.