Alama 4 Zisizokuwa Zangu

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya saikolojia, niliwapa wanafunzi wenzangu hojaji ya PHQ-9, yenye maswali 9 kuhusu dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, kila swali likiwa na alama 0 hadi 3, kisha nikawachagua waliopata alama za juu kabisa na kuwafundisha mazoezi ya kupumua kwa utulivu. Baada ya mwezi niliwapima tena, nikakuta alama zimeshuka, nikaandika kwa furaha kwamba mazoezi yamefaa. Mwalimu wangu aliusoma ukurasa ule akauliza: "Na wale ambao hukuwafundisha, wao ilikuwaje?" Sikuwa nimewapima.

Nililielewa swali lake msimu wa karafuu, nyumbani Pemba. Bibi, ambaye amekuwa akipima pishi barazani tangu sijazaliwa, alimsifu kijana mmoja aliyewapita wachumaji wote siku ile. Kesho yake pishi za kijana zikawa za kawaida, na bibi akasema kapigwa jicho. Kumbe siku ya kwanza, pamoja na uhodari wake, alikuwa ameangukia mkarafuu uliozaa mno na matawi yake yako chini. Uhodari ulibaki, bahati haikubaki. Vivyo hivyo alama za juu za wanafunzi wangu: sehemu yake huenda ilikuwa wiki mbaya tu, isiyorudi.

Tabia hii ya vipimo vilivyozidi sana kurudi karibu na wastani vikipimwa tena huitwa mrejeo kuelekea wastani. Mwanasayansi Francis Galton wa Uingereza aliueleza mwaka 1886, alipolinganisha urefu wa watu wazima 928 na wa wazazi wao: wazazi warefu sana walikuwa na watoto warefu, ila kwa kawaida si warefu kiasi kile.

Tuseme wastani wa darasa ni alama 8, uliowachagua wana wastani wa 18, na uhusiano kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, ambao hupimwa kutoka -1 hadi 1, ni 0.6. Wamezidi wastani kwa 10. Zidisha kwa 0.6, upate 6. Basi, ikiwa wastani na mtawanyiko wa darasa havikubadilika, utarajie wapate 8 na 6, yaani 14, washuke alama 4 hata kama hukuwafanyia lolote. Thamani ya p, ile namba ya takwimu ambayo ikiwa chini ya 0.05 watafiti wengi huyahesabu matokeo kuwa ya maana, haikuokoi hapa, kwani inakwambia tu kwamba mshuko kama huo ungekuwa nadra kama kusingekuwa na mabadiliko. Haisemi nani kayaleta.

Kinachookoa ni kura. Wote wenye alama za juu wagawanywe kwa kura, nusu wafundishwe na nusu wasubiri (wenye alama za hatari huelekezwa kwa mtaalamu, hawasubirishwi), kisha yapimwe makundi yote mawili. Nilipolirudia zoezi langu kwa njia hiyo, makundi yote mawili yalishuka, na tofauti baina yao, ambayo ndiyo pekee niliyoweza kuidai, ilikuwa ndogo kiasi cha kunitia haya. Niliiandika vivyo hivyo.