Hita ya dizeli ilikuwa inatoa masizi, kumbe ni hewa ya Arusha

Wiki tatu hita yetu ya maji ya dizeli ilikuwa inawaka kwa mngurumo, inatoa moshi mweusi, kisha inajizima. Tulihama nayo kutoka Dar es Salaam kuja Sakina, hapa Arusha, na kule haikuwahi kusumbua.

Nilibadilisha filta ya mafuta, wapi. Nikaweka nozeli mpya (kidude kinachonyunyizia mafuta) ya saizi ileile, ikatulia siku mbili. Nikaanza kubonyeza kitufe cha kuwashia upya kila mara. Tafadhali msifanye hivyo: kila ikikataa kuwaka, dizeli inabaki ndani ya chemba ya kuwakia, na siku ikishika moto inaweza kulipuka.

Fundi alipofika aliniuliza kwanza, "Kaka, hii ilisetiwa wapi?" Nikamwambia Dar. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, moto unakosa oksijeni. Alikata umeme, akafunga koki ya mafuta, akaiacha ipoe, akatoa masizi yote kwenye dohani. Ndipo akaiwasha, akawa anafungua kidirisha cha hewa cha kichomeo kidogo kidogo, huku akivuta moshi kwa pampu ya mkono kupitia karatasi nyeupe. Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Ya nne ilibaki karibu nyeupe.

Nimezibua pia tundu la ukutani nililoliziba kwa sababu ya baridi ya Julai. Hewa inayohitajika na moto wa hita inaingilia hapo. Ikikosekana, gesi ya sumu isiyo na harufu inaweza kurudi ndani tunamolala.