Presha ya mmoja, chungu cha wawili

Mume akiambiwa ana presha, jambo la kwanza linalofanyika nyumbani ni kumtengea chakula chake. Haidumu. Mpishi huchoka kupika mara mbili, naye mume huanza kudonoa mboga ya wengine. Ni afadhali chungu kizima kipunguzwe chumvi, maana anayemtengea huenda naye ana presha asiyoijua; mara nyingi haina dalili.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Kwa wawili ni gramu 10, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 50. Andikeni tarehe juu ya pakiti siku mnayoifungua. Ikiisha ndani ya mwezi, mnazidisha, na hapo mkate, ng'onda na vidonge vya mchuzi havijahesabiwa. Vidonge hivyo sehemu kubwa ni chumvi, basi ukitia kidonge usitie chumvi tena. Punguzeni taratibu, kwani ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Ndimu, kitunguu saumu na tangawizi hufidia ladha. Kichupa cha chumvi kiondoke mezani kabisa.

Kipimo cha presha nunueni cha kufunga juu ya kiwiko, si cha kifundo cha mkono. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda kwa uongo, na watu wengi huogopa bure kwa sababu hiyo tu. Nusu saa kabla ya kupima, msivute sigara, msinywe kahawa, wala msifanye mazoezi. Nendeni haja ndogo, kisha kaeni dakika 5 mmeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Anayepimwa asizungumze, hapa wenzi hukosea sana, maana ndipo mazungumzo ya ada ya shule huanza. Pimeni mara mbili, mkiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa siku 7. Siku ya kwanza iacheni, zilizobaki tafuteni wastani. Wastani ukifika 135/85 au zaidi, nendeni kituo cha afya na daftari lenu.

Kutembea ni dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo unaowaruhusu kuongea lakini si kuimba. Mwenye mwendo wa pole ndiye atangulie.

Aliyeandikiwa dawa asiziache namba zikishuka. Zimeshuka kwa sababu anameza. Wala asimgawie mwenzake, hata kama namba zao zinafanana. Namba ikifika 180/120, na kifua kinauma, macho yanafifia au upande mmoja wa mwili umelegea, msisubiri kupima tena. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo.