Crown na Mark X za mkononi: mwaka gani ununue ukiwa Tabora

Dalali akikwambia "hii ni ya 2006", muulize kwanza: 2006 ya kutoka kiwandani au ya kusajiliwa Japan? Cheti cha Japan kinaandika mwezi wa usajili wa kwanza, na namba ya chesesi ya Toyota hizi haina mwaka ndani yake. Vuta mkanda wa dereva mpaka uishe. Kwenye ncha ya chini kuna lebo iliyoshonwa yenye tarehe ya kutengenezwa mkanda. Soma mikanda yote. Mmoja ukipishana na wenzake kwa miaka, mkanda huo ulibadilishwa, na sababu ya kawaida ni ajali.

Tarehe hiyo ina kazi, maana magari haya hubadilika katikati ya mwaka. Crown ya kizazi cha S180 (hiyo ni namba ya muundo, kama GRX120 na nyingine hapa chini) ilitoka Desemba 2003. Oktoba 2005 ikafanyiwa marekebisho, toleo lake la Athlete lenye injini ya lita 3.0 likapisha la 3.5. S200 ikaingia Februari 2008. Mark X GRX120 ni ya Novemba 2004, na GRX130 ikaipokea Oktoba 2009. Kwa hiyo ukiambiwa "Mark X ya 2009" bado hujaambiwa ni gari gani.

Injini ya kuichunguza hasa ni ya 2.5, yaani 4GR-FSE. Katika injini za kawaida nozo hurushia petroli nyuma ya valvu za kuingiza hewa, na petroli hiyo huziosha. Kwenye 4GR, na 3GR ya 3.0 pia, nozo inarusha moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu hazioshwi. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa unagandia hapo, unaungua, unakuwa kaboni ngumu. Asubuhi gari linatetemeka, linakosa moto, taa ya injini inawaka, na fundi asiyeijua injini hii anakubadilishia plagi na koili mara mbili bila nafuu. Injini ya 3.5, 2GR-FSE, ina nozo za aina mbili kwa kila silinda, moja ikirushia kwenye njia ya hewa, ndiyo maana valvu zake hubaki safi zaidi. Inakula mafuta, lakini kwa hili imeizidi 2.5.

Dawa ya kaboni ni kufungua manifoldi ya hewa na kusafisha valvu kwa mkono. Silinda unayoisafisha lazima valvu zake ziwe zimefunga. Unamwaga kisafishio, unaacha kilainishe, unakwangua kwa kijiti cha mti au plastiki, kisha unanyonya uchafu wote kabla ya kuzungusha injini. Bisibisi ya chuma inakwaruza kikao cha valvu. Gasketi za manifoldi ziwe mpya.

Tatizo la pili ni kula oili, ringi za pistoni zikishakwama kwa kaboni. Nenda kuliona gari alfajiri, na umwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Shika injini: ikiwa ya moto, rudi kesho. Chomoa stiki ya oili uone kipimo. Washa, acha liungurume dakika 10 bila kuondoka, halafu kanyaga mafuta ghafla huku mwenzako amesimama nyuma. Moshi wa bluu ukitoka, hilo si gari la kununua kwa bei ya sokoni. Pitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Masizi makavu hayana neno. Yakiwa meusi ya kunata, oili inaungua.

Kisha mulika tochi mbele ya injini, kwenye pampu ya maji. Ukoko wa rangi ya waridi ni kulanti, maji ya kupozea injini, iliyovuja na kukauka. Pampu yenyewe inabadilishika; balaa ni gari lililoendeshwa likivuja mpaka likachemsha, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu na hupinda.

Jambo moja la Tabora hasa: gari linalolala chini ya mwembe. Majani huingia chini ya waipa za kioo cha mbele na kuziba matundu ya kutolea maji. Mvua ikinyesha maji yanajaa pale na kuingia upande wa abiria. Inua kapeti la mbele kushoto, bonyeza sponji kwa kidole.

Kwa maoni yetu, kwa fedha ya 2.5 tafuta GRX130. GRX120 ya 2.5 ilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japan. GRX130 ikarekebishwa itumie ya kawaida, na nguvu ikashuka kutoka farasi 215 hadi 203. Hutaiona tofauti hiyo barabara ya Nzega.



Ukishanunua, usiagize spea Kariakoo kwa kutaja jina la gari tu. Piga picha kibati cha chesesi. GRX120 na GRX125 zote ni Mark X ya 2.5, lakini ya pili inavuta magurudumu yote manne, na vifaa vya chini vya mbele haviingiliani. Kifaa kisichoingia kinarudi Dar kwa basi, nauli juu yako.