IST yangu ya 1.3 na tyuningi niliyoikataa

Ukitaja tu kwamba gari lako limekosa nguvu, kila mtu anageuka fundi. Huyu toa masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi), yule funga plagi za bei mbaya, na siku hizi wamezuka vijana wa laptopu wanaokwambia injini yako imebanwa na Wajapani na wao ndio wenye ufunguo. Mimi naendesha Toyota IST ya 1.3, toleo la kwanza. Inapeleka watoto shule, inanipeleka kazini Posta kutoka Mbezi, na Desemba tunaipakia mpaka juu tunakwenda nayo Njombe. Nimekataa kuityuni, yaani kubadilishiwa programu ya kompyuta ya injini, na leo inapanda mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa, vizuri kuliko siku niliyoinunua. Naandika kwa sababu nimechoka kuona watu wenye gari kama langu wanatoa laki kadhaa na kurudi nyumbani na gari lilelile.

Kijana mmoja wa laptopu alinitajia laki sita na ushee, ikipungua sana tano. "Dada yangu, tukiigusa kontroboksi tu, unaongeza farasi thelathini." Kontroboksi ni ile kompyuta ya injini, na farasi ndicho kipimo cha nguvu yake. Nikamuuliza: hewa ya hao farasi thelathini inatoka wapi? Akaanza kunionyesha video kwenye simu.

Swali lile ndilo lenye kila kitu. Nguvu inatoka kwenye hewa na petroli vinavyoungua pamoja. Injini ya IST yangu ina ujazo wa cc 1298 na haina tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, kwa hiyo inavuta hewa ile inayosukumwa na anga tu. Hapo Toyota walipata farasi 87, na wameandika kwamba wanafika kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Kompyuta kazi yake ni kuamua plagi ichome lini na nozeli imwage petroli kiasi gani. Ukisogeza muda wa kuchoma mbele kidogo utapata farasi wawili watatu, tuseme wanne ukibahatika, na kompresa ya AC ikiwaka inawameza wote. Tena ukisogeza muda huo lazima petroli ihimili bila injini kuanza kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani, na uwezo huo wa kuhimili ndio unaopimwa kwa oktani. Japani wana petroli ya kawaida inayoanzia oktani 89 na ya bei ya juu inayoanzia 96. IST imetengenezwa kwa ile ya kawaida. Mtu akiipanga kwa kudhani unaweka ile ya juu, utaisikia ikigonga mlimani ikiwa na mzigo, na hakuna kitu kinachoua pistoni kama hicho.

Kwenye gari lenye tabo hesabu ni nyingine kabisa, nitaifikia.

Kabla ya hapo niwasimulie kuhusu kile kidude cha kuchomeka. Mwenzangu ofisini alikinunua Kariakoo kwa elfu thelathini na kitu, kimeandikwa kinaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta, eti unakichomeka kwenye ile soketi ya chini ya usukani na kinajifunza uendeshaji wako. Aliendesha nacho wiki kadhaa, akawa anaapa gari limebadilika. Nikamwomba tukifungue. Tulikaa mezani wakati wa chakula cha mchana na bisibisi ndogo ya miwani. Soketi ile ina pini 16. Ya 16 inaleta umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni za ardhi, na mazungumzo na kompyuta yanapita kwenye nyingine, kama ya 7, au ya 6 na ya 14 kwenye magari mapya zaidi. Tukageuza kile kibao tukafuata njia za shaba kwa ncha ya kalamu. Pini ya umeme ilikuwa imeunganishwa. Ya ardhi imeunganishwa. Zile za mazungumzo zilikuwa zimekatwa hapo hapo, haziendi popote! Kilichobaki ni taa tatu ndogo na kitu cha kuzifanya ziwakewake. Mwenzangu alikaa kimya, halafu akakirudisha kile kidude kwenye boksi lake na kwenda nacho kwa muuzaji. Hela hakurudishiwa.

Masega nayo. Fundi mmoja alijitolea kuyatoa bure. Jiulize kwa nini bure: ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wapo mjini hapa. Wewe unabaki na kelele na harufu, na moshi ambao watoto wa barabarani wanauvuta. Masega yakiwa yameziba kweli, gari litakataa kupanda mzunguko hata ukikanyaga hadi chini, na hilo linapimwa kwa geji kabla ya kukata chochote. Langu lilipimwa, halikuziba.

Basi mimi nilianza kwa kupima. Unajaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, unaandika kilomita, unatembea wiki, unajaza tena kituo kilekile, pampu ileile. Pili, mtu wa pembeni anashika saa ya simu, unatoka 40 kwenda 80 kwenye kipande kilekile cha barabara, alfajiri, kwenda na kurudi, ili upepo na mteremko visikudanganye. Bila namba hizo mbili, mtu yeyote anaweza kukuuzia chochote.

Na hapo ndipo nilipogundua ugonjwa. Nilipomaliza kupima ile 40 hadi 80 nilishuka nikasogeza kiganja karibu na kila rimu. Tatu zilikuwa na uvuguvugu. Ya mbele kushoto ilikuwa inachoma hata kabla sijaigusa. Tukapiga jeki magurudumu ya mbele, gia ikiwa N: la kulia ukilizungusha kwa mkono linakwenda, la kushoto linasimama papo hapo likiguna. Pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, zilikuwa zimekauka, breki inabana muda wote. Gari lenye farasi 87 lilikuwa linaburuta breki yake lenyewe kutoka Mbezi hadi Posta kila siku, na mafundi wote wale walikuwa wanaangalia injini! Kusafisha pini, grisi ya breki na pedi mpya, haikufika laki.

Mengine yalikuwa ya kawaida: plagi feki zilizofungwa na aliyeniuzia, chujio la hewa limejaa vumbi, throto imeganda weusi. Upepo wa matairi usimwachie kijana wa pancha akadirie, soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Yote pamoja na breki, laki mbili na nusu hivi. Kutoka kilomita kumi au kumi na moja kwa lita, sasa napata kama kumi na nne kwenye foleni zilezile, na 40 hadi 80 imefupika kiasi kwamba hata mwanangu aliyekuwa anashika saa alishangilia.

Kitonga inataka kitu kingine zaidi, kujua kuendesha. Kuna ushauri mbovu sana kwamba mshale wa mizunguko ukipita 3,000 unaua injini. Nguvu ya kuvuta ya injini hii ipo kilele kwenye 4,400. Ukiibembeleza kwenye 2,000 huku nyuma kuna magunia, bila shaka utasema ni nzito. Mimi nikifika chini ya mlima nazima AC, nazima O/D (ile gia ya juu kabisa ya otomatiki), naweka gia ya 2 mapema, naiacha iimbe na jicho nalitupia geji ya joto. Na tuelewe kwamba kila ukipanda mita 1,000 injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Njombe iko karibu mita 2,000. Farasi 87 wa Dar wanafika kule wakiwa kama 70. Hakuna laptopu inayorudisha hewa.

Sasa shemeji yangu ana Hilux D-4D ya lita 3.0, dizeli, anabeba mbao Mafinga. Yeye nilimwambia tyuningi inaweza kumfaa, maana pale kompyuta inaweza kuamuru tabo isukume hewa zaidi, na tofauti utaiona mlimani siku hiyo hiyo. Lakini nilimsihi nozeli zipimwe kwanza, kwa sababu injini ile nozeli zikichoka zinamwaga vibaya na kutoboa pistoni, na tyuningi juu ya nozeli mbovu ni kuharakisha msiba. Pia programu ya kiwandani inakiliwe na apewe yeye kwenye flashi kabla kijana hajagusa kitu, na bei ya klachi mpya aiulize mapema, kwa sababu itakayoanza kuteleza ni hiyo. Nozeli mbili zimekutwa mbovu. Anazibadilisha kwanza.